Ukumbi Usiomwagiwa Maji

Vumbi lilipanda asubuhi ile, jamani, likapanda mpaka kwenye mabati. Mwanga uliingia kwa madirisha ya juu, ukalikuta hewani, ukalishika, na ukumbi mzima ukawa kama kitanda kilichoshushiwa chandarua. Vumbi jepesi, vumbi laini, vumbi la mchanga uliokanyagwa ukakauka, ukakauka ukakanyagwa. Na yeyote aliyewahi kufanya kazi na farasi angetupa jicho mara moja tu, akauliza: leo mbona hapajamwagiwa maji?

Maana ukumbi wa farasi humwagiwa maji. Ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya chai. Unakokota mpira wa maji, unanyunyiza kona hadi kona, mchanga unatulia, farasi anafanya kazi bila kukohoa, na anayemtazama anaiona miguu yake mpaka kwenye kwato. Mpandaji wa pale, binti mmoja, hakuwahi kuiacha kazi hiyo, awe na homa, awe na msiba. Asubuhi ile aliupita mpira umejikunja ukutani, akaupita tena, akaupita tena, kama mtu anayempita anayemdai.

Hakusahau. Nalisema mapema ili msije mkamtetea. Hakusahau.

Farasi mwenyewe walimwita Bwana Harusi. Ni jina la utani, alilipata angali mdogo, kwa namna alivyotoka bandani: taratibu, shingo juu, mguu unanyanyuka, unabaki hewani kidogo, ndipo unashuka, kama vile ukoo mzima umekaa kwenye viti unamtazama yeye. Mweusi tii. Dume, mwenye sauti ya dume na kiburi cha dume, lakini ukimwekea kiganja puani anafumba macho.

Alikuwa farasi wa madaha. Si wa mbio, si wa kuruka viunzi. Wa madaha. Katika mashindano yao farasi na mpandaji wake huingia uwanjani, husimama katikati, miguu minne sawasawa, na mpandaji hushusha mkono mmoja na kuinamisha kichwa: salamu kwa waamuzi. Kisha huanza ile kazi yao, kucheza bila ngoma, hatua kwa hatua, farasi akijibu pumzi ya mtu aliye mgongoni. Wakimaliza hurudi katikati, husimama, salamu tena. Hapo hatamu hulegezwa, farasi anashusha shingo, yu huru. Salamu ya kwanza inafunga, salamu ya mwisho inafungua. Bwana Harusi alilijua hilo kama mtoto anavyojua sauti ya kengele ya shule.

Na alishinda. Alishinda mpaka watu wakachoka kupiga makofi, wakawa wanakaa kimya tu. Mpandaji akirudi nyumbani, kwenye vyumba viwili alivyokaa na shangazi yake, shangazi anaziba pua. Wenzio wanatuletea wakwe, anasema, wewe unaniletea samadi. Na huyo bwana harusi wako, atakuja kuposa lini, au anangoja mimi nife? Wanacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Nyumba ile ilikuwa na kicheko, msiione hivi.

Kisha ukaja mguu.

Mguu wa nyuma, wa kushoto. Haukuvunjika, haukuvimba. Ulianza kuchelewa tu. Nusu ya nusu ya hatua, kitu cha kusikia zaidi kuliko kuona. Daktari wa mifugo akachuchumaa, akabonyeza, akabonyeza tena. Kano limelegea, akasema, kile kifundo kinaanza kushuka na hakitapanda tena. Asipandwe. Kazi yake imekwisha.

Mwenye Mali, yaani mwenye farasi na mwenye ukumbi, hakuwa mtu mbaya. Alimjua kila mfanyakazi na habari za watoto wake. Ila kichwa chake kilikuwa na vyumba viwili tu. Farasi ni wa kazi au ni wa mbegu, alisema, wa tatu simjui. Basi aitwe mkaguzi. Mkaguzi akimpitisha kuwa dume la mbegu, Bwana Harusi ataenda kwenye shamba la majike, atakula majani mpaka meno yaishe. Asipompitisha, daktari atakuja na sindano. Hapo Mwenye Mali alishusha sauti, maana farasi alikuwa karibu.

Mpandaji alisihi. Alisema atamchukua yeye. Shangazi akamuuliza, bila kucheka safari hii, utamweka wapi, mwanangu? Chini ya kitanda? Mpandaji alikuwa na mikono inayoweza kumfanya mnyama mzito kiasi kile aelee, na hakuwa na hata upenyo wa kumlaza.

Usife, alimwambia akimsugua mgongo. Usife, Bwana Harusi. Alimpiga brashi shingoni, ubavuni, mapajani, na kila brashi ilisema neno hilo moja. Usife, usife, usife.

Sasa sikilizeni, maana yote yamesimama hapa. Kwa watu wa mbegu, kuna mguu na mguu. Mguu ulioharibiwa na kazi si neno: jeraha la kazi halirithiwi, damu inabaki safi, watoto watazaliwa wazima. Lakini mguu uliozaliwa na udhaifu wake, huo uko kwenye damu, na damu haifichi kitu. Watoto watacheza kama baba, na siku moja, wakiwa katika uzuri wao, watashuka kifundo kama baba. Daktari alisema hawezi kujua ni upi. Mguu mmoja haunielezi, alisema, ningemwona mama yake ningejua.

Mpandaji alimwona mama yake.

Ni yeye peke yake aliyemwona. Alikwenda kumchukua Bwana Harusi alipoachishwa ziwa, shamba la mbali, ambalo leo halipo tena. Jike lile lilisimama kivulini, bado changa, zuri la kuumiza macho, na kifundo chake cha nyuma, cha kushoto, kilikuwa kimeshuka mpaka manyoya yanagusa ardhi. Alitumbukia shimoni, alisema muuzaji. Naye aliamini, kwa nini asiamini, mashimo yapo. Ni mwaka huu tu, vidole vya daktari vikibonyeza, alipotazama chini na kukiona kile kifundo cha mama kimerudi. Moyo ukampasuka paa. Akafunga mdomo.

Mkaguzi alikuja na mafua. Mwanamke mfupi, mkali, leso mkononi, macho mekundu, akilalamika kwamba masikio yameziba tangu juzi na kila mtu anamsikia anaongea kutoka ndani ya pipa. Akaomba radhi, akaanza kazi. Akatazama meno, akapima kifua kwa kiganja, akapitisha vidole uti wa mgongo mzima. Alipofika kule nyuma kwenye mambo ya udume, Bwana Harusi akabana mkia.

"Tulia, baba," mkaguzi akamwambia. "Mficha uchi hazai."

Wote wakacheka, Mwenye Mali, daktari, watunza farasi waliokuwa mlangoni. Mpandaji naye akacheka, wenzake walipokwisha kumaliza.

Kisha mkaguzi akasema avuliwe kila kitu, tandiko, hatamu, hata kamba. Hakuja kuona alichofundishwa, alisema, alikuja kuona alichozaliwa nacho. Akimbie mwenyewe. Daktari akaonya: mizunguko michache tu, na asirudie, mguu ule hautaki mchezo. Wakafungua mlango wa ukumbi, wakamwachia.

Mnadhani alikimbia?

Aliingia kwa hatua zake za harusini, shingo imekunjwa bila mtu wa kuikunja. Akaenda moja kwa moja mpaka katikati. Akasimama, miguu minne sawasawa, masikio mbele. Akangoja. Wakapiga mjeledi hewani: sikio moja likageuka, likarudi. Mwenye Mali akapiga makofi, akapiga mluzi. Wapi. Vumbi la hatua zake likatua taratibu juu ya mgongo wake, naye akasimama ndani yake, uchi, bila mtu, akingoja salamu.

Hilo ndilo kosa la watu wa madaha, na hakuna wengine wanaoweza kulifanya. Wiki zote zile mpandaji alipokuwa akimwandaa kwa ukaguzi, kwa woga, kwa mapenzi, kwa kukosa lingine la kufanya, alimtembeza kwa mkono na kumfundisha kile alichojua kufundisha: kusimama vizuri. Alimfundisha utii farasi ambaye roho yake ilitegemea afanye atakalo.

Mkaguzi akapenga kamasi. "Mmeniletea sanamu," akasema. Kisha akamtazama mpandaji pale alipojibanza. "Anakungoja wewe. Muage, halafu utoke."

Mpandaji akaenda mpaka pale farasi angemwona. Koo lilikuwa kavu kwa vumbi alilolitaka mwenyewe. Akamtazama yule mnyama mweusi aliyepauka vumbi. Akashusha mkono. Akainamisha kichwa.

Ilikuwa salamu ya mwisho. Bwana Harusi akashusha pumzi ndefu, akatikisa shingo, na mpandaji akageuka, akatoka, akavuta mlango nyuma yake kabla farasi hajamwona akiondoka.

Nje alibandika sikio kwenye mbao.

Tu-tu, tu-tu, tu-tu. Mchakamchaka wake, ule ambao angeutambua kati ya farasi mia. Watu ndani wakaguna kwa raha. Tu-tu, tu-tu. Alijua wanachokiona: farasi anayeelea juu ya wingu, farasi asiye na miguu. Ndiyo kazi ya vumbi, na ndiyo sababu ule mpira ulikuwa bado umejikunja ukutani. Tu-tu, tu-tu. Kisha kwenye kona, pale mguu wa nyuma unapobeba mzigo wote: tu-tu, tu-t. Pigo moja jepesi. Mguu unaotua kama unaomba radhi. Tu-tu, tu-t.

Akasikia. Angesikia hata kaburini. Na kule ndani mkaguzi alikuwa anapiga chafya.

Usife, akaiambia mbao. Usife, usife.

Mlango ukafunguliwa. Mkaguzi akatoka anafuta macho, Mwenye Mali nyuma yake akiwa na uso wa mtu aliyetoka kuona muujiza. Mkaguzi akasema hajaona mwendo wa namna ile tangu aanze kazi. Lakini miguu hakuiona sawasawa kwa lile vumbi, na masikio yake siku hiyo yalikuwa ya kuazima, na daktari amekataza asirudie. Akamshika mpandaji mkono, akamvuta pembeni kidogo, si mbali.

"Umekuwa naye tangu alipoachishwa ziwa," akasema. "Nakuuliza wewe, na neno lako ndilo nitakaloondoka nalo. Mguu ule ni kazi, au alizaliwa nao? Fikiri kwanza. Nikimpitisha, watazaliwa wengi."

Mpandaji alifikiri. Msiseme hakufikiri. Aliwaona wote, watoto ambao hawakuwapo bado, weusi, wenye miguu mirefu ya kuchekesha, wakijikongoja kwenye majani yao ya kwanza. Aliona kifundo cha mama chini ya kivuli. Neno la kweli lilikuwa fupi na lilikuwa pale ulimini, lilikuwa na ladha ya chuma. Kisha ndani ya ukumbi Bwana Harusi akalia, ile sauti yake ya kumwita yeye, ya asubuhi, ya chakula.

"Ni kazi," akasema. "Ni mimi. Nilimpanda mapema mno, mifupa yake haijakomaa. Nilitaka sifa."

Uongo mtupu, kila neno. Hakuna farasi aliyengojewa kama yule. Wenzake walikuwa wanapanda farasi wa umri ule na kushinda, yeye anamtembeza wake kwa kamba, anamwimbia, wakimcheka na kumwita yaya. Alimngoja mpaka Mwenye Mali akaanza kununa. Kitu kimoja maishani mwake alichokifanya bila doa, ndicho alichokitia doa kwa mkono wake, mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika.

Mkaguzi akakunja leso.

"Basi damu yake ni safi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo na kuchukizwa na aliyeutengeneza. Mwenye Mali alinyoosha kiganja tu, na mpandaji akatoa funguo za banda, akaziweka pale.

Hawakumruhusu kumsindikiza. Alisikia lori likiondoka akiwa nje ya lango. Nyumbani shangazi alimtazama usoni, akauacha mzaha aliokuwa ameuandaa. Amepona? akauliza. Amepona. Na wewe? Mpandaji akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti, kilio cha msiba, na shangazi akamsugua mgongo, taratibu, kwa kiganja, kama mtu anayempiga farasi brashi.

Habari mbaya haihitaji lori. Katika mabanda yote ilijulikana kwamba yule aliyeharibu mguu wa Bwana Harusi kwa uroho wa sifa ni huyu, na wakampa jina: Mvunja Miguu. Hakuna aliyempa tena hatamu. Akapata kazi kwa dobi, kupiga pasi, kutwa nzima kusimama mahali pamoja ndani ya mvuke. Mikono ile, jamani. Ikawa inanyoosha kola za watu.

Habari nyingine zilimfikia pia. Kwamba dume ana afya, amenenepa. Kwamba majike wanaletwa kutoka mbali. Kwamba watoto wamezaliwa, na wamezaliwa, na wote wana ule mwendo. Kila habari ilimpa furaha asubuhi na kumnyima usingizi. Akawa anamuuliza kila mleta habari swali lile lile, wakitembea wanaendaje? Wanaelea, walimjibu. Wanaelea tu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mwongo aliyeaminiwa hawakuisema, na ni ndefu, nawaambieni, inazaa njia nyingine.

Mwishowe alishindwa kukaa. Kiangazi kimoja, watoto wa kwanza wakiwa wameshakuwa vijana, alivaa vizuri, akajifunga mtandio wa shangazi, akaenda.

Alisimama kwenye ua wa shamba. Mfanyakazi mmoja, mtu mzima mwenye domo la ukarimu, hakumjua ni nani, akafurahi kupata msikilizaji. Akamwonyesha. Hao wote unaowaona, dada, ni wa baba mmoja. Na pale kwenye uwanja mkavu, mbele ya macho yake, kundi zima la weusi likageuka kwa pamoja na kuanza mchakamchaka.

Vumbi likapanda. Likapanda mpaka magotini mwao, likapanda mpaka matumboni, na jua likalishika. Shingo juu, mbavu zinang'aa, wanaelea. Hawana miguu. Wanaelea. Mpandaji aliweka mkono mdomoni, akacheka, akalia, na kwa muda ule mdogo alikuwa na furaha kamili, nzima, isiyo na mtu wa kumnyang'anya. Hai. Wote hai. Na yeye ndiye aliyewanunua.

Kisha Bwana Harusi akamwona. Alikuwa peke yake kwenye zizi la pembeni, chini ya kivuli cha banda, mvi zimemzunguka macho, tumbo la mzee wa raha. Akanyanyua kichwa. Akaja, hatua zake zile zile, mguu wa nyuma akiuvuta, mpaka karibu na ua. Akasimama. Akajipanga, miguu minne, sawasawa kadiri ulivyokubali ule wa kushoto. Masikio mbele. Akangoja.

"Lo," mfanyakazi akasema, "hajawahi kumfanyia mtu hivyo." Kisha akakumbuka kazi yake. "Hebu niwamwagie maji hawa wadogo, wanakohoa."

Akakokota mpira. Maji yakaruka juu, yakashuka kama mvua ya manyunyu, na vumbi likaanza kutua. Likatua matumboni. Likatua magotini. Vijana weusi wakapunguza mwendo, wakatembea, wakasimama kwenye mchanga uliolowa. Na miguu ikaonekana. Kifundo kimoja cha nyuma, cha kushoto, kimeshuka. Na cha yule. Na cha yule mdogo mwenye doa, manyoya yake yanafagia tope.

Mfanyakazi akageuka anatabasamu, maji yanamiminika mkononi mwake.

"Baba mtupu," akasema kwa fahari. "Wamemchukua kila kitu."

"Kila kitu," mpandaji akajibu.

Bwana Harusi alikuwa bado anangoja. Alitaka kidogo tu, mkono ushuke, kichwa kiiname, aambiwe kazi imekwisha. Safari nzima ya kuja, na siku zote zile juu ya pasi, mpandaji alikuwa ameiwaza salamu hiyo. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshika waya wa ua, na havikuachia. Maji yakaendelea kumwagika, kona hadi kona, mpaka hewa ikawa safi na vumbi lote likawa limetua.